Maarifa au bahati? Kulinganisha mashindano ya televisheni

Mpenda Maswali
Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi huvigawa vipindi vya mashindano katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maarifa, na humo naweka Jeopardy! ya Marekani iliyoanza mwaka 1964, Mastermind ya BBC ya mwaka 1972, na Who Wants to Be a Millionaire? iliyozaliwa Uingereza mwaka 1998. Fungu la pili ni la bahati, mfano wake Deal or No Deal, ambamo mshindani huchagua sanduku lililofungwa lenye kiasi cha fedha asichokijua, kisha hufungua mengine moja baada ya jingine huku mtu wa benki akipiga simu kutaka kulinunua lile la kwake. Sioni cha kumsifia mshindi wa fungu hili la pili, maana hata mtoto wa chekechea anaweza kutaja namba ya sanduku. Je, mgawanyo huu unasimama?

Mhasibu wa Tanga
Unakwama kwenye Millionaire yenyewe, ndugu. Mchukue mshindani wa Uingereza aliyefika swali la 15 kwa kanuni za awali. Tayari ana pauni 500,000 anazoruhusiwa kuondoka nazo. Akipatia anapata milioni 1, akikosea anaporomoka hadi pauni 32,000. Tuseme amekwisha kuondolewa majibu mawili kati ya manne, na haya mawili yaliyobaki hana hata fununu lipi ni sahihi. Akibahatisha, wastani wa matokeo yake ni pauni 516,000, yaani 16,000 tu zaidi ya alizonazo mkononi, na ili azipate hizo 16,000 za kwenye karatasi inambidi ahatarishe 468,000 za kweli. Maarifa hapo yamekwisha kazi yake. Kilichobaki ni uamuzi uleule unaomkabili mshindani wa Deal or No Deal kila simu inapolia.

Ndiyo maana wanauchumi walikipenda kipindi hicho. Mwaka 2008 Thierry Post, Martijn van den Assem, Guido Baltussen na Richard Thaler walichapisha uchambuzi wa washindani 151 wa Uholanzi, Ujerumani na Marekani, wakaonyesha kwamba mtu aliyeandamwa na mkosi mapema huwa jasiri kupita kiasi, akitaka kurudisha alichopoteza. Mshindani mmoja wa Uholanzi alibakiwa na masanduku mawili, moja la euro 10 na jingine la euro 10,000. Benki ikampa 6,000, kiasi kinachozidi wastani wa masanduku hayo. Alikataa, akaondoka na euro 10. Mkosi ndio uliomfikisha pale, lakini kukataa 6,000 kulikuwa kwake mwenyewe.

Binti wa Malindi
Nakubaliana nawe, kaka, ila umesahau kwamba mshindani anaweza pia kujiongezea nafasi mwishoni kwa kubadilisha sanduku. Lile fumbo la milango mitatu, lililopewa jina la Monty Hall aliyeendesha kipindi cha Marekani Let's Make a Deal, ambamo zawadi iko nyuma ya mlango mmoja, unachagua mlango, unafunguliwa mwingine usio na zawadi, kisha unaruhusiwa kubadilisha, linathibitisha kwamba anayebadilisha hushinda mara mbili katika kila tatu.

Mhasibu wa Tanga
Hapana, dada yangu. Katika fumbo hilo anayefungua mlango ni mwendeshaji anayejua zawadi iliko, naye hukwepa makusudi kuufungua mlango wenye zawadi. Kwa hiyo mlango anaouacha unatuambia jambo. Kwenye Deal or No Deal anayefungua ni mshindani asiyejua lolote, ambaye angeweza kuitupa milioni yake kwa mkono wake mwenyewe. Yakibaki masanduku mawili, ni nusu kwa nusu, abadilishe asibadilishe.

Mzee wa Kanda
Mbona hamjamtaja Michael Larson? Mwaka 1984 huyu bwana wa Ohio aliingia Press Your Luck ya CBS, kampuni ya televisheni ya Marekani, ambamo taa huruka huku na huku juu ya ubao wa miraba 18 na mshindani hubonyeza kitufe kuisimamisha. Taa ikitua kwenye kikaragosi kiitwacho Whammy, fedha zote hupotea. Kila mtu aliamini ni bahati tupu. Larson alikuwa amekirekodi kipindi kwenye kanda za video nyumbani kwake, akagundua kwamba taa ilifuata mifuatano 5 tu, na kwamba miraba miwili haikupata Whammy hata siku moja. Akaikariri. Aliondoka na fedha na zawadi za dola 110,237. CBS ilichunguza, ikakosa kanuni aliyoivunja, ikamlipa, kisha ikabadilisha mifuatano.

Kinyume chake ni Twenty-One, shindano la maswali la Marekani la miaka ya 1950, iliyonadiwa kuwa ya maarifa matupu kumbe washindani walipewa majibu, jambo ambalo mmoja wao, Charles Van Doren, alilikiri mwaka 1959 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani.

Mwalimu Mstaafu
Kipimo changu ni kurudia. Ken Jennings alishinda Jeopardy! mara 74 mfululizo mwaka 2004, na bahati haiwezi kumbeba mtu umbali huo. Hata hivyo si maarifa pekee: anayebonyeza kitufe kabla swali halijamalizika kusomwa hufungiwa kwa robo ya sekunde, na robo hiyo inatosha kumpa mwenzake nafasi. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na Celtel Africa Challenge ya vyuo vikuu kuanzia mwaka 2007, chini ya John Sibi-Okumu wa Kenya, na hiyo naiweka kwenye fungu la maarifa bila kusita.

Mpenda Maswali
Shukrani, Mwalimu. Basi angalau Mastermind naiacha palepale, kwa kuwa hakuna fedha wala dau, na mshindani huchagua mwenyewe mada aliyobobea.

Mhasibu wa Tanga
Iache, lakini hata pale kuna hesabu. Mshindani akikosea, husomewa jibu sahihi papo hapo na muda wake unaliwa. Akisema "pita", jibu husubiri hadi mwisho wa zamu. Lakini alama zikilingana, aliyesema "pita" mara chache ndiye mshindi. Kwa hiyo asiyejua jibu inambidi achague haraka kipi apoteze.