Meza ya Mwisho, Karibu na Dirisha

Kikundi: Sisi kwa Sisi

Mama: Habari za jioni wapendwa. Nina jambo nimekaa nalo miezi mitano. Ile kazi iliisha. Walipunguza watu, nami nikawemo. Siku hizi asubuhi naenda darasa la ushonaji.

Mimi: Mama!! Miezi mitano?

Kaka: Pole sana Mama. Na kila tukipiga simu unasema hujambo.

Mama: Nilikuwa sijui naanzia wapi, mwanangu. Miaka 24 nimeshika hesabu za watu, halafu nina miaka 51 nimekaa mbele ya cherehani, kutia uzi kwenye sindano kunanishinda.

Mama Mdogo: Pole dada yangu. Na huko uko na nani?

Mama: Tuko 14, na mimi ndiye mkubwa wao. Hata mwalimu nimemzidi. Siku ya kwanza nilichagua meza ya mwisho, karibu na dirisha, nisionekane nikishindwa. Akaja kukaa binti wa miaka 19.

Mama: Nilikuwa nahangaika na tundu la sindano. Naulamba uzi, naulenga, unapita pembeni. Yule binti hakusema neno. Alichukua kipande cha karatasi nyeupe akakiweka nyuma ya sindano, tundu likaonekana. Kisha akaniacha nitie mwenyewe.

Mama: Angeninyang'anya sindano akanitilia, ningesema asante na yangeishia hapo.

Kaka: Macho hayo ni umri Mama. Mtu akishafika miaka ya 40 lenzi ya jicho inakuwa imekakamaa, vya karibu havionekani vizuri. Nenda ukapimwe upate miwani ya kusomea.

Mama: Ninayo tayari. Yeye ndiye aliyenisindikiza.

Mjomba: Mdogo wangu, usione haya hata kidogo. Mzee Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akasoma na watoto wadogo. Wewe una 51!

Mama: Asante kaka. Nilihitaji kulisikia kwako.

Mama Mdogo: Basi Mungu amekupa binti mwingine.

Mama: Hapo nakukatalia mdogo wangu. Binti ninaye. Huyu ni rafiki. Ananieleza ya kwake bila kuogopa kwamba nitampigia mama yake simu, na mshono wangu ukipinda ananiambia fumua.

Mama Mdogo: Anakuitaje?

Mama: Mbele za watu, Mama, kama wote. Tukibaki wawili, "mwenzangu".

Mama: Wiki ya tatu cherehani lake lilimkataa. Kila akishona, uzi unafungamana chini ya kitambaa, fundo kubwa. Kabadilisha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, mara tatu, machozi yanamlengalenga, anasema hana mkono wa ushonaji, anaacha. Nikamwambia hesabu isipolingana huendelei kujumlisha pale pale, unarudi kwenye risiti ya kwanza. Tukautoa uzi wote tukaufuata kuanzia juu. Kumbe alikuwa anautia huku ule mguu unaobana kitambaa ukiwa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukaza uzi vimejifunga, uzi unapita juu juu hauingii. Fundo liko chini, kosa liko juu! Tukainua mguu, tukatia upya, mshono ukatoka umenyooka. Alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Kaka: 👏🏾👏🏾

Mimi: Mama, naomba kuuliza, usinielewe vibaya. Yeye alijua lini habari za kazi?

Mama: Wiki ile ile ya kwanza.

Mimi: Na mimi leo.

Mimi: Imeniuma.

Mama: Najua mwanangu. Wewe nilitaka ulale usingizi. Nisamehe. Hata leo nimeandika kwa sababu yake. Juzi aliniambia, "Mama yangu angenificha jambo kama hili, ningejiona mgeni nyumbani kwetu." Siku mbili sijapumzika na neno hilo.

Mimi: Kasema hivyo?

Mama: Hivyo hivyo.

Mimi: Mpe salamu zangu. Nikija nataka kumwona.

Mama: Nitamfikishia. Sasa nitumie vipimo vyako. Wiki ijayo tunakata gauni letu la kwanza, yeye anashona mikono, mimi shingo. Nataka liwe lako. Kifua, kiuno, nyonga, na urefu kuanzia begani.

Mimi: Sina futi hapa.

Kaka: Jizungushie kamba, kisha ipime kwa rula.

Mama: Na usiikaze. Acha nafasi ya vidole viwili.

Mimi: Subirini.

Mimi: Kifua 92. Kiuno 76. Nyonga 101.

Mama: Na urefu?

Mimi: Urefu nikiinama kamba inahama. Siwezi kujipima mwenyewe.

Mama: Huo uache. Njoo nikupime mimi.