Ulinganisho: kumtoa kwotabeki mkongwe na kumkabidhi timu kijana. Njia ya Kansas City, ya Green Bay au ya Detroit?

MtoRuvu (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Kila mwaka ifikapo Machi, NFL, ligi kuu ya soka la Kimarekani, inapofungua dirisha la mikataba mipya, hoja ile ile hurudi: timu ina kwotabeki mzoefu anayeheshimika, nyuma yake yupo kijana anayesubiri, na uongozi hauna budi kuamua amtoe mkongwe lini na kwa thamani gani. Kwa wanaoanza kuufuatilia mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu katika kila jaribio la timu yake inaposhambulia, kisha akaamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Timu za NFL haziuziani wachezaji kwa fedha kama tulivyozoea katika soka. Anayetolewa hubadilishwa kwa mchezaji mwingine, au kwa haki ya kuchagua vijana wa vyuo vikuu katika drafti, na kadiri raundi ya chaguo hilo inavyokuwa ya mwanzo ndivyo thamani yake inavyokuwa kubwa.

Ninayoipendelea mimi ni njia ya Kansas City Chiefs. Katika drafti ya 2017 walipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 ili wampate Patrick Mahomes, na kwa hilo wakaipa Buffalo nafasi hiyo ya 27, chaguo la raundi ya tatu na chaguo lao la raundi ya kwanza la 2018. Mahomes alikaa benchi msimu mzima nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu, ya mwisho, dhidi ya Denver. Smith hakuwa ameshuka kiwango hata kidogo. Mwaka ule ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa alama za ufanisi wa pasi. Hata hivyo, mwishoni mwa Januari 2018, kabla Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya msimu ule haijachezwa, Chiefs walikuwa wamekwisha kukubaliana na Washington kumtoa kwa beki Kendall Fuller na chaguo la raundi ya tatu. Msimu uliofuata Mahomes alirusha pasi 50 za tachidauni, yaani zilizozaa bao, akapita yadi 5,000, akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Na yule Fuller aliyeletwa badala ya Smith ndiye aliyenasa pasi ya Jimmy Garoppolo katika dakika ya mwisho ya Super Bowl ya Februari 2020, Chiefs walipoilaza San Francisco 31-20.

Green Bay wao husubiri hadi nyumba moja isiwatoshe wote wawili, na Detroit walimtoa mkongwe wao pasipo kuwa na kijana yeyote aliyeandaliwa. Ningependa kusikia hoja za wanaozitetea njia hizo mbili, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba uamuzi wa namna hii ukicheleweshwa huigharimu timu zaidi kuliko ukiwahishwa.

KaskaziniBaridi

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa hoja iliyopangwa vizuri, ila naona umeihukumu Green Bay kwa haraka. Packers wamelifanya jambo hili mara mbili, na mara zote mbili kijana alipewa miaka mitatu ya kujifunza. Aaron Rodgers alichaguliwa wa 24 mwaka 2005 akamsubiri Brett Favre hadi 2008. Jordan Love alichaguliwa wa 26 mwaka 2020 akamsubiri Rodgers hadi 2023.

Ni kweli kwamba kiangazi cha 2008 kilikuwa kigumu. Favre alitangaza kustaafu Machi, timu ikampa Rodgers nafasi, kisha mzee akataka kurudi wakati maandalizi ya msimu yamekwisha kuanza. Meneja mkuu Ted Thompson hakulegea. Agosti Favre akapelekwa New York Jets, na katika makubaliano Packers waliweka sharti kwamba Jets wakimpeleka Minnesota, wapinzani wetu wa kundi moja, watatulipa machaguo matatu ya raundi ya kwanza. Msimu wa kwanza wa Rodgers uliishia kwa kushinda mechi sita na kupoteza kumi, na walikuwapo mashabiki waliotaka Thompson afukuzwe. Februari 2011 Rodgers aliishinda Pittsburgh 31-25 katika Super Bowl.

Tazama pia upande ambao hukuugusa. Baada ya Love kuchaguliwa, Rodgers alikuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, 2020 na 2021, na timu ikashinda mechi 13 katika kila msimu. Kama tungeifuata njia ya Chiefs, Rodgers angeondoka mapema 2021 na kijana asiyekuwa tayari angeachiwa kikosi kilichokuwa kinawania ubingwa. Mahomes alikuwa tayari baada ya mwaka mmoja kwa sababu ya kipaji chake cha pekee. Huwezi kuifanya hali yake kuwa kanuni kwa vijana wote.

MkaguziHesabu

Wakuu, mjadala huu haukamiliki bila kutazama fedha. NFL ina ukomo wa mishahara unaozibana timu zote sawasawa. Mchezaji anaposaini mkataba hupewa kitita cha kusaini, na kitita hicho, ingawa kinalipwa mapema, hugawanywa katika hesabu za miaka ya mkataba. Ukimtoa kabla miaka hiyo haijaisha, sehemu iliyobaki hurundikwa kwenye hesabu yako mara moja, wakati yeye anachezea wengine. Green Bay walibeba takribani dola milioni 40 za namna hiyo mwaka 2023 walipompeleka Rodgers New York Jets, katika ukomo wa dola milioni 224.8. Philadelphia walibeba dola milioni 33.8 mwaka 2021 walipompeleka Carson Wentz Indianapolis, wakati ukomo ulikuwa milioni 182.5 tu.

Jambo la pili ni masharti, na hapa ndipo ninapotofautiana na KaskaziniBaridi. Katika makubaliano ya Aprili 2023, Packers na Jets walibadilishana nafasi za raundi ya kwanza, Packers wakapanda kutoka ya 15 hadi ya 13, wakapewa pia chaguo la raundi ya pili la mwaka huo, na chaguo jingine la raundi ya pili la 2024 ambalo lingegeuka la raundi ya kwanza endapo Rodgers angecheza asilimia 65 ya majaribio ya ushambuliaji ya Jets. Tarehe 11 Septemba 2023 Rodgers aliingia uwanjani akikimbia na bendera ya Marekani mkononi. Katika jaribio lake la nne Leonard Floyd wa Buffalo alimwangusha. Akasimama, akajaribu kuutegemea mguu, kisha akaketi tena kwenye nyasi. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika, msimu wake ukaisha, na lile chaguo likabaki la raundi ya pili.

Linganisha na Wentz, ambaye alikuwa na miaka 28. Sharti lake lilikuwa la aina hiyo hiyo: acheze asilimia 75, na chaguo la raundi ya pili litapanda hadi ya kwanza. Akacheza, Philadelphia wakalipata, ingawa Indianapolis wenyewe walifungwa na Jacksonville katika mechi ya mwisho wakakosa mtoano, na miezi miwili baadaye walimpeleka Wentz Washington. Favre naye alitolewa kwa chaguo lenye masharti, akaanza kwa kushinda mechi nane kati ya kumi na moja, kisha mkono ukamsumbua na Jets wakapoteza nne kati ya tano za mwisho. Green Bay wakaambulia raundi ya tatu. Wote wawili, Favre na Rodgers, walikuwa wanakaribia miaka 40. Unayemtoa katika umri huo hulipwa kwa ahadi, na ahadi hizo zinategemea afya ya mwili ambao hauko tena mikononi mwako.

YadiMia

Naomba kuuliza kwa heshima: kwa nini hakuna aliyewataja Seattle? Machi 2022 walimtoa Russell Wilson kwenda Denver, wakapata machaguo mawili ya raundi ya kwanza, mawili ya raundi ya pili na wachezaji watatu, bila kuwa na kijana yeyote aliyeandaliwa. Aliyechukua nafasi ni Geno Smith, mzoefu aliyekuwa amekaa benchi miaka mingi, na akaifikisha timu kwenye mtoano msimu ule ule. Denver wao walimpa Wilson mkataba mpya kabla hajacheza mechi hata moja, wakamwacha miaka miwili baadaye na kubaki na mzigo wa dola milioni 85 katika hesabu zao.

DadaWaDetroit

Kaka YadiMia, mfano wako unanisaidia, maana njia ya Detroit imeelezwa hapo juu kana kwamba ilikuwa ya kubahatisha, nami siamini hivyo.

Kwotabeki Matthew Stafford aliichezea Detroit Lions miaka 12. Alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2009, akavumilia majeraha na makocha waliopokezana, na hakuwahi kushinda hata mechi moja ya mtoano akiwa nasi. Alipoomba kuondoka, uongozi haukugombana naye. Januari 2021 meneja mkuu mpya, Brad Holmes, alikubaliana na Los Angeles Rams: Stafford aende, na sisi tupate machaguo mawili ya raundi ya kwanza, moja la raundi ya tatu, pamoja na Jared Goff. Holmes alikuwa ametoka huko huko Rams, ambako aliongoza kazi ya kuwasaka wachezaji wa vyuo, kwa hiyo alimfahamu Goff kuliko wengi waliomwona kama mzigo wa mshahara ambao Rams walitaka kuutua.

Msimu wa kwanza tulishinda mechi tatu tu, na Stafford akatwaa Super Bowl mwaka ule ule. Wengi walisema tumeporwa. Lakini Goff alitupa utulivu wakati timu inajengwa kwa yale machaguo, na Januari 2024 Rams walikuja uwanjani kwetu Ford Field wakiwa na Stafford, katika mechi ya kwanza ya mtoano ambayo Lions waliichezea nyumbani kwa miaka thelathini. Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina la Jared Goff. Tulishinda 24-23, ushindi wetu wa kwanza wa mtoano tangu msimu wa 1991. Hakuna kijana aliyekuwa ameandaliwa miaka mitatu benchi. Alikuwapo mtu aliyekataliwa na timu yake, akapewa muda kwetu, na mpaka leo moyo wangu hujaa ninapoukumbuka usiku ule.

Ninachotaka kusema ni kwamba mrithi si lazima atoke ndani. Timu isiyo na kikosi imara haina sababu ya kumweka kijana nyuma ya mkongwe. Inahitaji machaguo mengi kwanza, na mtu wa kushika usukani kwa uaminifu wakati huo.

MzeeWaZamani

Vijana wangu, hapo nyuma ipo mifano miwili inayohusu swali ambalo bado halijaulizwa: umpeleke wapi?

San Francisco walimpeleka Joe Montana Kansas City mwaka 1993 kwa chaguo la raundi ya kwanza. Alikuwa ameshinda Super Bowl nne, lakini kiwiko kilikuwa kimemweka nje karibu misimu miwili, na Steve Young, aliyechukua nafasi yake, alikuwa amekwisha kuwa mchezaji bora wa ligi. Wakamtoa nje ya NFC, mojawapo ya kanda mbili za ligi na ndiyo yao, akaifikisha Chiefs kwenye fainali ya kanda ya pili, AFC, na Young akarusha pasi sita za tachidauni katika Super Bowl ya Januari 1995. Pande zote mbili zilinufaika.

New England walithubutu zaidi. Drew Bledsoe aliumizwa Septemba 2001, Tom Brady, kijana aliyechaguliwa wa 199, akachukua nafasi na kutwaa ubingwa. Aprili 2002 Bledsoe akapelekwa Buffalo, timu ya kundi lao wenyewe, ambayo wangekutana nayo mara mbili kila msimu. Mechi ya kwanza ya 2003 Buffalo waliwatandika 31-0. Mechi ya mwisho ya msimu ule New England wakarudisha 31-0 ile ile, kisha wakatwaa Super Bowl. Kocha wa New England, Bill Belichick, alimwamini Brady kiasi cha kutojali jirani anampata nani, na chaguo la raundi ya kwanza lilikuwa malipo ambayo wengine hawakuwa tayari kuyatoa. Sharti la Thompson kuhusu Minnesota ninalielewa, lakini halikuzuia kitu: Favre alifika Minnesota mwaka 2009 kwa njia nyingine na akaifunga Green Bay mara mbili.

MtoRuvu (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Dada wa Detroit amenionyesha kwamba timu inayojengwa upya ina hesabu yake, na sina pingamizi. Hoja yangu naielekeza kwa timu ambayo tayari ina mrithi ndani, na kwa hiyo narudi kwa KaskaziniBaridi.

Nakubali kwamba 2021 ingekuwa mapema mno. Lakini itazame tarehe 8 Machi 2022. Siku hiyo moja zilitoka habari mbili: Rodgers atabaki Green Bay, na Wilson anakwenda Denver kwa machaguo mawili ya raundi ya kwanza, mawili ya raundi ya pili na wachezaji watatu. Rodgers alikuwa ametoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora kwa mara ya pili mfululizo. Love alikuwa amemaliza misimu miwili benchi, mmoja zaidi ya Mahomes. Packers wakamsainisha mzee mkataba mpya wa dola milioni 150, ambao ndio uliozaa sehemu kubwa ya ule mzigo aliouhesabu MkaguziHesabu. Msimu uliofuata walishinda mechi nane na kupoteza tisa, na mechi ya mwisho, iliyochezwa nyumbani Lambeau Field, wakafungwa 20-16 na Detroit ya Goff wakakosa mtoano. Mwaka mmoja baada ya hapo, Love akiwa usukanini, waliifunga Dallas 48-32 ugenini katika mtoano. Kama kuna msimu ambao njia ya Chiefs ingewafaa Green Bay, ni ule wa 2022, na chaguo lisilo na sharti lolote lilikuwa linapatikana wakati ule.