Kaa wa mikokoni avalishwe kaptula? Wachoraji naombeni ushauri

Mchoraji_Tanga: Habari zenu wakuu. Nachora kitabu cha picha cha watoto, kurasa 32, kuhusu mikoko. Mhusika ni kaa dume mdogo wa topeni, yule mwenye gando moja kubwa. Mhariri anataka avae kaptula, awe na kope ndefu, na acheze majini na samaki. Moyo wangu unakataa, ila kazi naipenda sana. Nimshawishi vipi?

BintiPangani: Kope za nini? Macho ya huyo kaa yamesimama juu ya vijiti, yenyewe yanatosha kumchekesha mtoto. Halafu dume hupunga lile gando kuwaita majike. Lichore limeinuliwa juu, limelegea, limefichwa nyuma ya mzizi: umepata furaha, uchovu na woga bila nguo. Majike wape magando mawili madogo.

Mzee_wa_Delta: Kijana, hilo la kumchezesha majini ndilo linaloniuma. Kaa hao hutoka maji yakipwa, wakala topeni. Maji yakijaa hujificha mashimoni. Hadithi si ndiyo hiyo? Bahari inarudi, shimo liko mbali. Na aina za mikoko zitofautishe. Mlilana huwa mbele kuelekea baharini. Mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda kama miguu. Mchu huchomoza vimizizi vyembamba kutoka ardhini, na majani yake hutoa chumvi. Ukiweka mizizi ya mkoko chini ya mchu, watoto wa huku watakukosoa.

Mchoraji_Tanga: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Lakini mhariri anasema mtoto wa Dodoma hajui hata bahari, hatajali.

Mzee_wa_Delta: Marahaba. Huyo wa Dodoma ndiye wa kuchorewa kwa uangalifu zaidi. Wa pwani atatoka nje akahakikishe. Yeye ana picha yako tu.

BintiPangani: Sawasawa kabisa. Usibishane na mhariri kwa simu, mpelekee kurasa mbili zinazotazamana zilizokwisha kutiwa rangi, maji yakianza kuingia. Kaa asikae katikati, mkunjo wa kitabu utammeza. Na kijani cha majani kipunguze uzito, maana karatasi isiyong'aa hufifisha rangi na kuzitia giza. Omba nakala ya majaribio kabla hawajachapa.

Mchoraji_Tanga: Asanteni sana. Kesho bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, nashuka ufukweni na daftari maji yakipwa, nichore majike kwanza.