Naomba ushauri: wajawazito na swali la tumbaku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi ni mkunga hapa Arua, Uganda, nakusanya data ya utafiti wa diploma kwenye kliniki ya wajawazito. Nimekwama kwenye swali moja: "Unatumia tumbaku?"

Wake wa walimu na wafanyabiashara wa mjini hujibu hapana upesi, macho chini. Akina mama wa vijijini, huko tumbaku inakolimwa, baadhi husema wazi kwamba wanavuta au wanatafuna. Nikijumlisha hivyo, wa mjini wataonekana hawagusi kabisa. Naogopa ninapima aibu, si tumbaku.

Nimejaribu kuuliza, "Kabla ya mimba ulikuwa unatumia? Sasa umepunguza au umeacha?" Wachache walifunguka. Kumtoa mama mkwe chumbani kulisaidia zaidi.

Nimefikiria kupima kotinini kwenye mkojo, yaani kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini ya tumbaku. Lakini kwa mjamzito nusu yake huondoka mwilini kwa saa 9 hivi, upesi kuliko kwa mtu mwingine, na kipimo hakitofautishi kuvuta na kutafuna. Kipimo cha kaboni monoksidi (gesi iliyomo kwenye moshi) kwenye pumzi ndiyo kabisa: mama aliyetoka kupika kwa kuni anaweza kuonekana mvutaji.

Vipimo nitakavyopata ni vichache. Je, nipime wachache wa kila kundi kwa kura, au wale wanaosema hapana tu? Na ninapoomba idhini ya mkojo, nimwambieje mama asione kwamba namwita mwongo? Hili la pili linaninyima usingizi, maana hao mama watarudi kwangu kujifungua.