Mrejesho: Fizikia ya kidato cha pili bila kukariri

Walimu wenzangu, niliuliza nifanyeje wanafunzi wangu hapa Kayole waache kukariri fomula. Mkanishauri nifunge kitabu, niwape uzi na nati, niulize tu: ni nini kinachobadilisha muda wa pendulamu (nati iliyoning'inizwa kwa uzi) kubembea?

Jumanne nikajaribu. Karibu wote waliapa ni uzito. Wakafunga nati tatu badala ya moja, uzi wa mita 1, wakahesabu mibembeo kumi ya kwenda na kurudi: sekunde 20 zilezile. Kimya. Ndipo msichana wa dawati la nyuma, asiyenyoosha mkono kamwe, akaufupisha uzi hadi sentimita 25. Sekunde 10.

"Mwalimu, robo ya urefu, nusu ya muda! Kwa nini?"

Kengele ililia, hakuna aliyetoka. Asanteni mno. Kesho wanakiingilia wenyewe kipeuo cha pili (square root) cha urefu, ambacho muda huo hukifuata.