Altezza, Mark X au GX110: ipi inavumilia kudrifti bila kunifilisi?

Kijana wa Tabata
Wakuu heshima kwenu.
Mwisho wa mwezi huu nataka kuvuta chuma. Macho yangu yako kwa watatu: Altezza, Mark X ile ya zamani (GRX120) na Mark II GX110. Zote zinasukuma nyuma. Washikaji zangu hukutana Jumapili kudrifti, yaani kuserereka gari ubavu makusudi, na mimi nimechoka kuwa mtu wa kushika simu na kurekodi. Ipi hapo itavumilia, isiwe kila Jumatatu niko gereji? Natanguliza shukrani.

Oili Chafu
Bajeti? Gia za mkono au otomatiki? Injini gani? Altezza zipo za 1G na za 3S, hizo ni gari mbili tofauti zilizovaa shati moja. Mnaleta nusu swali mnataka jibu zima.

Dada Grande
Na Jumatatu hadi Ijumaa hiyo gari inafanya kazi gani? Una nyingine au ndiyo hiyo hiyo ya kwenda kazini?

Kijana wa Tabata
Bajeti milioni 12, naweza kujivuta mpaka 13. Gia yoyote tu.

Fundi Mstaafu
"Gia yoyote." Haya, kaa chini mwanangu.
Mark X ya 120 inakuja na otomatiki. Ukiserereka nayo mguu uko chini, injini inazunguka juu, magurudumu yanazunguka na gari haiendi popote. Joto lote hilo linaishia kwenye oili ya gia. Toyota nyingi oili hiyo inapozwa na kabomba kalikopita chini ndani ya rejeta, kwa hiyo injini ikichemka, giaboksi nayo inachemka. Mwaga oili baada ya Jumapili mbili tatu: oili iliyokuwa nyekundu kama juisi ya rosela utaikuta kahawia na inanuka kama mkate ulioungua. Ukifika hapo hujabakiza kitu, zile klachi za ndani zimeshaanza kuungua.
Jambo la pili, Mark X handibreki yake ni pedeli ya mguuni. Wenzako wanavuta mkono kuitupa gari nyuma, wewe utakanyaga nini na mguu gani? Na VSC, ule mfumo wa kuzuia gari isiteleze, ikiwa hai inakata nguvu kila mkia ukianza kutoka.
Ni gari nzuri sana ya kwenda nayo Dodoma.

Mzee wa 4GR
Fundi umeionea Mark X. Mimi ninayo mwaka wa nne, oili ya gia nabadilisha kwa wakati, nimeongeza kipoozeo cha pembeni mbele ya rejeta. Nadrifti kwenye changarawe na haijawahi kunikwamisha. Tatizo la injini yake ya 4GR ni kaboni kwenye valvu za kuingiza hewa kwa sababu petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, haisafishi valvu. Hilo lipo hata kwa mchungaji anayeendea ibadani.

Oili Chafu
Changarawe si lami, mzee. Kwenye changarawe tairi haishiki, kwa hiyo difu (ile ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na shafti hazipigwi sana. Peleka hiyo hiyo kwenye lami kavu uje utusimulie. Na kwenye vumbi lako angalia chujio cha hewa, wengi wanasahau, injini inameza mchanga taratibu.

Chasi Iliyopinda
Ngoja niseme yangu, nimekaa kimya mno kwenye hii mada.
Nilikuwa na Altezza ya 1G, gia sita za mkono. Difu ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo kila nikijaribu tairi la ndani linazunguka peke yake, moshi mguu mmoja, gari haitoki. Washikaji wakaniambia chomelea. Fundi akafungua difu, akachomelea zile gia ndogo za kati zikawa kitu kimoja, akafunga. Nusu siku, kazi imeisha. Kweli gari ikaanza kuserereka kama sabuni kwenye vigae.
Ila nikirudi nyumbani, kona ya kuingia getini inalia kwi, kwi, kwi, tairi la ndani linaburuzwa maana magurudumu yote mawili yanalazimishwa mwendo mmoja. Mke akaniuliza gari inaumwa nini. Nikamwambia tairi mpya, zitazoea.
Mwezi wa pili tuko eneo la wazi lenye lami ya zamani, kama saa kumi jioni. Mzunguko wa tano au wa sita, steringi ikawa ngumu ghafla, kama unageuza tanki la maji. Nikajua mkanda umekatika. Kumbe oili ya pawa steringi imechemka, imefura na kutoka juu kwenye kifuniko cha kikopo, inamwagikia vyuma vya moto. Moshi mweupe ukaingia ndani kupitia matundu ya AC. Shemeji yangu alikuwa kiti cha pembeni anarekodi. Simu aliiacha, na kiatu kimoja akaacha.
Hapo gari bado iko ubavu. Mimi kwa woga nikatoa mguu kwenye pedeli ya mafuta kwa mpigo. Tairi za nyuma zikashika, gari ikajirusha upande wa pili, gurudumu la nyuma kushoto likapiga ukingo wa zege. Rimu ikapasuka, amu ya chini ikapinda, shafti ikachomoka kwenye difu ikabaki inaning'inia. Moto haukuwaka, namshukuru Mungu na jamaa mmoja aliyekuwa na mtungi wa kuzimia.
Shafti ya kushoto niliitafuta kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani siku nne. Kila duka wanayo ya kulia. Bima nilienda na maneno yangu nimeyapanga vizuri, yule dada hakubishana nami, alifungua kijitabu akaweka kidole kwenye mstari unaosema mashindano na majaribio ya mwendo havilipwi. Nikachukua kofia yangu nikaondoka.
Na Altezza yenyewe ilikuwa sahihi muda wote. Lililoniangusha ni oili ya steringi ambayo sikuwahi kuibadilisha hata siku moja tangu ninunue.

Dada Grande
Pole. Kiatu kilipatikana?

Chasi Iliyopinda
Kilipatikana. Shemeji ndiye hajarudi kwenye gari yangu mpaka leo.

Subaru Damu
Nyie watu wa Dar na Toyota zenu mtazeeka nazo. Chukua Impreza, magurudumu manne yanafanya kazi, vuta handibreki kidogo tu inageuka yenyewe. Huku Nairobi tangu mbio za dunia za rali, WRC, zirudi Kenya kule Naivasha 2021 mambo ni Subaru.

Fundi Mstaafu
Subaru Damu, hapo ndipo hela yako inapolala. Impreza ya gia za mkono ina kigawanyaji cha kati kinachounganisha mbele na nyuma. Ukivuta handibreki, nyuma imesimama, mbele inaendelea, kile kitu cha kati kinapikwa. Baadaye gari ikikata kona kali unasikia inajivuta, kama imefungwa kamba. Nimefungua nyingi, ndani oili imekuwa lami.
Halafu wale wa Naivasha wanaserereka kwa sababu ya kuokoa sekunde, na giaboksi wanabadilisha kama unavyobadilisha soksi.

Subaru Damu
Mimi spea natoa Grogan, bei yangu, fundi wangu wa jua kali ananijua. Usinipangie.

Bahari ya Seeb
Salaam aleikum jamani. Mie niko Maskati, nimeona niseme kidogo. Huku Chama cha Magari cha Oman kina uwanja khasa, watu wanadrifti ndani ya uzio, kofia ngumu kichwani, gari ya zimamoto imesimama pembeni. Jambo nililoliona kwao ni hili: akishamaliza zamu yake hazimi injini. Anatoka, anafungua boneti, injini inanguruma pole pole na feni inazunguka, dakika kadhaa ndipo anazima. Gari ikienda ubavu upepo hauingii rejeta, unaingia mlangoni, kwa hiyo joto linapanda haraka mno. Wenye gari za mashindano wengine wamehamishia rejeta nyuma kwenye buti, na feni zake mbili.
Na joto la huku wallahi, mwezi wa sita hata ukisimama tu unachemka.

Oili Chafu
Bahari umesema la maana. Niongezee: oili ya injini iwe kwenye alama ya juu, isipungue. Ukizunguka duara muda mrefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inanyonya hewa, beringi za mikono ya pistoni zinakauka. Utasikia ka-ka-ka chini, hapo injini imenoki, na hakuna sala. 1G inavumilia kuliko 3S kwa kuwa haijasukumwa sana. 3S ya gia za mkono ina farasi 210 kwenye lita 2 tu, na inaimba ikizidi mizunguko 7,000. Tamu, lakini inataka matunzo.

Mkoloni wa Manati
Drift yenyewe ilianzia Dubai, hao Wajapani wameiga.

Fundi Mstaafu
Ilianzia Japani miaka ya 70 na dereva wa mbio anaitwa Kunimitsu Takahashi, akafuata Keiichi Tsuchiya na Toyota AE86 yake kwenye barabara za milimani. Waarabu wana mchezo wao wa kuserereka na ni hatari zaidi, gari zao nyingi ni za kawaida na barabara ni ya umma. Turudi kwenye mada.

Mkoloni wa Manati
Sawa mzee, lakini bado Dubai wana gari nzuri zaidi.

Mama wa Kona
Mnaongelea difu na oili, mimi nauliza watazamaji wanasimama wapi? Nimeona video, vijana wamejipanga upande wa nje wa kona, simu mkononi. Huo ndio upande gari inakokwenda dereva akiteleza mguu, soma hapo juu alichosema Chasi Iliyopinda. Na Kijana, hao washikaji wako wanadrifti eneo gani? Kama ni barabara ya mtaa, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haina sehemu inayoitwa "nilikuwa najifunza".

Kijana wa Tabata
Shikamoo mama. Ni kiwanja, kina mlinzi. Na Dada Grande, hukupata jibu lako: ndiyo hiyo hiyo ya kwenda kazini. Na bi mkubwa naye huwa anaitumia kwenda hospitali Alhamisi.

Dada Grande
Nilijua. Kumbe tunamchagulia gari mama yako.

Fundi Mstaafu
Na hukutaka kusema tangu mwanzo.
Basi usichomelee difu. Mama ataingia kona ya lami kavu gari ikiburuza matairi na kulia, ataacha katikati ya barabara atembee. Tafuta Altezza ya gia za mkono, 1G, difu ya LSD (inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake) kama utapata, usipopata kaa na ya kawaida ujifunze kwenye lami iliyomwagiwa maji. Kabla ya kila Jumapili kagua boljointi, tairodi, bushi za difu na nati za rimu. Baada ya Jumapili kagua tena.

Mzee wa 4GR
Mama hajui gia za mkono, naweza kuweka dau. Mark X hiyo hiyo.

Kijana wa Tabata
Ni kweli hajui.

Oili Chafu
Na tairi mmeziacha. Watu wananunua mtumba wa zamani kwa ajili ya kuchoma kwa sababu ni rahisi. Angalia zile namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT pembeni: 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014. Tairi ya hivyo ikipata joto, ngozi ya juu inabanduka, waya za ndani zinatoka zinapiga madigadi na zinaweza kukata hozi ya breki. Nilishuhudia moja imebandua kipande cha bodi kama kopo la samaki.

Subaru Damu
Tairi za huko kwenu ni bei gani, nilinganishe? Mimi nalipa vibaya sana Kenya.

Bahari ya Seeb
Yakhe, tairi kuukuu kama hizo sisi huku tunazitupa, ninyi mnazifunga kwa furaha.

Mkoloni wa Manati
Ndiyo nilisema Dubai.

Kijana wa Tabata
Wakuu asanteni, mmenifungua macho. Altezza ya gia za mkono niliyoiona jana mwenye nayo amepandisha bei baada ya kuniona nimeipenda. Sasa kuna jamaa Mbezi anauza Verossa, anasema ni kali kuliko zote mlizotaja, na atapunguza nikienda leo. Vipi Verossa?

Fundi Mstaafu
Verossa ni huyo huyo ndugu wa GX110, amebadilishiwa sura tu. Swali ni ndani yake.

Oili Chafu
Injini gani? Gia za mkono au otomatiki? Picha ziko wapi?