Tenda ya shemeji imetua mezani kwangu, nifanyeje?

Mtongwe_wa_pili: Salaam aleikum jamaa. Niko kwenye kamati ya kutathmini zabuni katika ofisi moja ya umma hapa Mombasa, sitaitaja. Juzi tulianza kupekua faili za tenda ya samani. Faili ya nne, nafungua CR12, ile hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni, nakuta jina la mke wangu. Majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, hisa 70 katika 100. Zilizobaki ni za kaka yake.

Nikafunga faili, nikasema nakwenda msalani.

Usiku nikamuuliza. Kumbe shemeji alimwomba jina tu, kampuni ipate cheti cha AGPO iingie kwenye ile asilimia 30 ya tenda za serikali waliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mke hajaona hata shilingi. Sasa shemeji anapiga simu kutwa: "Kwani wewe si mtu wetu?" Na bei yake, wallahi, ndiyo ya chini kuliko zote. Sijampa alama hata moja bado.

Chuda_Makupa: Bei ya chini, wasiwasi wa nini? Mpe haki yake, nyamaza. Mji huu nani si ndugu ya mtu?

Mhasibu_mstaafu: Ushauri huo utamtia mwenzio ndani. Sheria ya Ununuzi ya 2015, kifungu cha 66, inakukataza kushiriki ukiwa na maslahi, na jamaa wanaohesabiwa ni mke na hata ndugu za mke. Bei ingekuwa nusu, ungekatazwa vilevile. Halafu soma kifungu cha 42 cha sheria ya ufisadi ya 2003: ukijua una maslahi, wakubwa hawajui, ukanyamaza na ukashiriki, ni faini hadi milioni 1, au kifungo hadi miaka 10, au vyote. Na Julai 2025 imetiwa saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, EACC, ile tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ndio wasimamizi.

Andika barua leo kwa mkuu wa taasisi, maana ndiye aliyekuteua kwenye kamati. Taja namba ya tenda, kampuni, uhusiano, siku uliyojua, na kwamba hujatoa alama. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kampuni ikiendelea au ikitupwa nje, hilo si lako tena.

Bi_Kibokoni: Mimi namwonea huruma mkeo. Kwenye karatasi hiyo kampuni ni yake. Barua ya KRA, watu wa kodi, ikija, itakuja kwa mkurugenzi, na shemeji atasema "muulize dada." Tena cheti cha jina tu ni udanganyifu peke yake, tenda kando. Na simu za shemeji usipokee mpaka zabuni iishe, ukiteleza neno moja la mle ndani umeshatoa siri.

Mtongwe_wa_pili: Nikijitoa si ofisi nzima itajua?

Mhasibu_mstaafu: Itajua. Afadhali wajue kwako.

Mtongwe_wa_pili: Mrejesho, jamaa. Barua imepokelewa asubuhi, muhuri upo. Mwenyekiti wa kamati akanivuta kando: "Ungeninong'oneza tu, bwana, tungeipanga." Sikumjibu, nikashuka ngazi.

Mke ameanza kuulizia namna ya kutoa jina lake. Shemeji amejitoa kwenye grupu ya familia. Jumamosi ni arusi ya mdogo wao, na mpishi wa pilau nimemlipa mimi.